Boma Katikati ya Sitaha: Uhakiki wa Mchoro wa Mapambano Baharini

1. Utangulizi

Miongoni mwa michoro iliyochapwa Ulaya katika zama za Uromantiki, ile inayohusu bahari ni mingi mno. Dhoruba, meli kuvunjika, watu kushikana koo juu ya vipande vya mbao: mambo hayo yaliwavutia sana wanunuzi wa picha wa London na Paris tangu miaka ya 1780 hadi 1840 hivi. Uhakiki wa sanaa umezoea kuisoma michoro hiyo kama tafakuri juu ya maumbile: binadamu ni mdogo, bahari ni kubwa, na uzito wa kazi umo katika kutolingana huko. Makala haya yanachunguza mchoro mmoja usiokubali kusomwa hivyo, kwa kuwa ndani yake adui wa binadamu si bahari bali ni binadamu mwenziwe.

Mchoro wenyewe unaonyesha Waafrika waliofungwa katika meli ya watumwa wakiinuka dhidi ya mabaharia. Umo katika kitabu cha Carl Bernhard Wadström, An Essay on Colonization, kilichotolewa London kwa sehemu mbili mwaka 1794 na 1795. Mchoraji wake hakupata umaarufu, na vitabu vya historia ya sanaa huupita bila kuutaja. Wanahistoria wa biashara ya watumwa ndio walioukumbuka, nao kwa kawaida huutumia kama kielelezo tu, yaani kitu cha kupamba ukurasa.

Hoja ya makala haya ni kwamba mchoro huo unasema zaidi ya maelezo yaliyoandikwa chini yake, na pengine unayapinga. Maelezo yanawataja Waafrika kama watu wa kuhurumiwa. Mchoro unawaonyesha kama watu walioogopwa. Tofauti hiyo si ndogo, na kwa anayetaka kuueleza mchoro kwa Kiswahili ni tofauti asiyoweza kuikwepa, kwa sababu kila neno atakaloliteua litamweka upande mmoja au mwingine wa boma linaloigawa meli.

2. Kitabu na mazingira yake

Wadström (1746–1799) alikuwa Mswidi, mfuasi wa mafundisho ya Emanuel Swedenborg. Mwaka 1787 alisafiri hadi pwani ya Senegal pamoja na wenzake wawili, Anders Sparrman na Carl Axel Arrhenius, akafika Gorée na kuona kwa macho yake jinsi watu walivyokamatwa na kuuzwa. Aliporudi mwaka 1788 alikwenda Uingereza, akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Mfalme iliyokuwa ikichunguza biashara hiyo, na baadaye mbele ya Bunge.

Wakati huo kampeni ya kuikomesha biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto. Chama cha London kilichoongoza kampeni kiliundwa mwaka 1787, na silaha yake kubwa ilikuwa picha. Iliyojulikana kuliko zote ni ile ya meli ya Brookes ya Liverpool, iliyosambazwa mwaka 1788 na 1789. Katika toleo la London watu 482 wamelazwa bega kwa bega ndani ya umbo la meli kama samaki waliopangwa kwenye sanduku. Picha hiyo ilibandikwa ukutani katika nyumba na mikahawa, na nguvu yake haina shaka. Hata hivyo ina upungufu mmoja: hakuna anayetenda. Watu 482 wamelala. Mtazamaji anawahesabu, anashtuka, anawahurumia. Wao hawamfanyi chochote, wala hawamfanyi chochote aliyewalaza hapo.

Kitabu cha Wadström kinaonyesha nacho mpango wa meli ya aina hiyo. Lakini kinaongeza mchoro wa pili, na hapo ndipo upya wake ulipo. Waliokuwa wamelala sasa wamesimama. Ni kana kwamba wale wa Brookes wameinuka kutoka ngamani, wamevunja minyororo yao, wamepanda juu ya sitaha na kumkabili anayewasafirisha.

3. Fani ya mchoro

3.1 Boma

Mpangilio wa mchoro ni sahili. Sitaha imegawanywa pande mbili na ukuta wa mbao uliosimamishwa kuikingama meli. Upande wa tezi wapo mabaharia wenye bunduki. Upande wa pili wamejazana mateka. Risasi zinatoka nyuma ya ukuta, watu wanaanguka, wengine wanajitupa baharini. Watu wote ni wadogo, hakuna uso unaoweza kutofautishwa na mwingine. Mtazamaji amewekwa nje ya meli, mbali kidogo, mahali pa mtu anayepita kwa meli nyingine.

Kwa kuwa hakuna uso, jicho linatafuta pa kutua, nalo linatua kwenye ukuta. Huo ndio mhusika mkuu wa mchoro. Mabaharia wa Kiingereza waliuita «barricado». Makala haya yanauita boma, kwa sababu Kiswahili kinalitumia neno hilo kwa ngome na kwa ua wa miti unaojengwa na mwenye kuogopa adui. Mashahidi waliofika mbele ya Baraza la Mfalme na Bunge waliueleza vizuri. Ulikuwa mrefu kuliko mtu. Ulitokeza nje ya kingo za meli ili asiwepo wa kuuzunguka. Ulikuwa na mlango mdogo wa kupitisha mtu mmoja mmoja, na nafasi za kutolea mitutu ya bunduki. Mchana wanaume waliofungwa waliwekwa mbele yake, kuelekea omo. Wanawake na watoto waliwekwa nyuma yake, upande wa tezi. Usiku wote walirudishwa chini. Methali ya wanamaji isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ambayo pwani ya Afrika Mashariki hutumiwa kumuasa mtu asiyetulia, ingekuwa na maana chungu kweli katika meli hiyo.

Jambo la kuzingatia ni wakati wa kujengwa kwa boma. Seremala wa meli hakulijenga baada ya mapigano kuzuka, bali alilijenga kabla, kama sehemu ya matayarisho ya kawaida ya safari. Maelezo ya mchoro yenyewe yanakiri kwamba boma la namna hiyo lilikuwamo katika meli zote za watumwa. Hapo ndipo ushahidi mzito unapojitokeza, pengine bila mchoraji kuukusudia. Sheria ya biashara ya wakati ule iliwahesabu mateka kuwa shehena. Lakini hakuna nahodha aliyewahi kujenga boma ili kujikinga na marobota ya pamba au magunia ya sukari. Mwenye meli aliandika neno «shehena» katika daftari lake, kisha akamlipa seremala ajenge ukuta unaolikanusha neno hilo. Ukuta ulijua kwamba nyuma yake kuna watu wenye akili, wenye kupanga shauri, wenye kusubiri nafasi.

Wala hofu hiyo haikuwa ya bure. Wanahistoria waliokusanya kumbukumbu za safari za meli hizo wanakadiria kwamba takriban safari moja kati ya kumi ilikumbwa na mapambano ya namna hiyo, na kwamba meli zilizopakia watu Senegambia, eneo alilolitembelea Wadström, zilikumbwa zaidi ya nyingine. Kwa sababu hiyo wenye meli waliajiri mabaharia wengi kuliko waliohitajika kuendesha tanga, wakanunua bunduki na minyororo, na gharama hizo zikapunguza idadi ya watu walioweza kusafirishwa. Waliopigana wakashindwa waliwaokoa watu wengine wasiowajua, ambao hawakupakiwa kamwe.

3.2 Bamba na mstari

Mchoro ulichapwa kwa bamba la shaba. Mistari huchimbwa katika chuma, wino huingizwa ndani ya mifereji hiyo, uso wa bamba hupanguswa, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake hadi inyonye wino. Msomaji wa Katanga, ambaye kwake shaba si jambo la kigeni, anaweza kuelewa kwa urahisi maana ya kazi hiyo: kinachoonekana cheusi karatasini ni jeraha katika chuma. Njia hiyo haina rangi, wala haitoi ule mwanga wa machweo unaozipendezesha picha za mafuta. Katika mchoro huu ukavu huo ni faida. Moshi wa bunduki hauwi wingu zuri, na miili inayoanguka haipewi madaha ya sanamu za Kigiriki. Mtazamaji hapewi nafasi ya kuifurahia dhoruba, kwani hakuna dhoruba ya kufurahia.

Upungufu wake nao usifichwe. Mateka wamechorwa kama kundi. Hakuna kiongozi, hakuna anayempa mwenziwe ishara, hakuna anayeonekana kushika kitu alichokipata ngamani ili akitumie kama silaha. Inajulikana kutokana na kumbukumbu za safari kwamba mapambano hayo yalihitaji siku nyingi za kushauriana kwa siri, mara nyingi kati ya watu wa lugha mbalimbali, na kwamba wanawake, waliowekwa upande wa mabaharia wa boma, ndio waliokuwa na fursa ya kuona silaha zinapowekwa na kupeleka habari. Hayo yote hayamo mchoroni. Nyuma ya boma jicho linavutwa na bunduki tu. Mchoraji alijua jinsi mapambano yalivyozimwa. Hakujua, au hakutaka kujua, jinsi yalivyoanza.

3.3 Wanaojitupa majini

Sehemu inayouma zaidi ni ya wale wanaoruka baharini. Mtazamaji wa haraka atadhani wanakimbia risasi. Inawezekana. Lakini mashahidi wa wakati ule walirudia mara nyingi kwamba wapo waliochagua maji kuliko kurudi ngamani, na wapo walioamini kwamba kwa njia hiyo watarudi kwao.

Mahakama za Uingereza zililijua jambo hilo, nazo zililipima kwa namna yake. Mwaka 1785, miaka michache kabla ya mchoro huu, ilisikilizwa London mbele ya Jaji Mansfield kesi ya bima ya Jones na Schmoll, iliyohusu mateka waliokufa baada ya mapambano melini. Uamuzi ulitenganisha vifo. Waliouawa katika mapambano au kufa kwa majeraha yake walilipiwa na bima. Walioruka baharini bila jeraha, waliokunywa maji ya chumvi na waliokufa kwa huzuni hawakulipiwa. Kwa kipimo hicho, mchoro wa Wadström unaweza kusomwa kama hesabu ya mfanyabiashara: wanaoanguka sitahani ni fedha itakayorudi, wanaoruka ni hasara tupu. Mchoro wenyewe, hata hivyo, haukuweka mstari wa kuwatenganisha. Anayeanguka na anayeruka wamechimbwa kwa chombo kimoja katika bamba moja, na mtazamaji hawezi kusema kwa hakika yupi ni yupi. Hapo sanaa, hata iliyo duni, imekuwa adilifu kuliko sheria.

4. Maelezo ya chini: nani mtenda?

Maelezo yaliyochapwa chini ya mchoro yanafanya mambo matatu. Yanataja tukio kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuinuka dhidi ya mamlaka. Yanaeleza jinsi mabaharia wanavyowapiga risasi watumwa, ambao wamepewa sifa ya kuhurumiwa. Mwisho yanasema kwamba boma lipo kwa ajili ya usalama kila yatokeapo machafuko kama hayo. Kisha yanamwelekeza msomaji kwenye ripoti ya Baraza la Mfalme, kumbukumbu za Bunge na kitabu chenyewe.

Kisarufi mtenda katika maelezo hayo ni baharia. Yeye ndiye anayefyatua. Mateka ni watendwa. Machafuko nayo hayana mwenyewe: «yanatokea», kama mvua. Hivyo sentensi inayotaka kuwatetea Waafrika inaanza kwa kuwanyang'anya kitenzi. Mfasiri wa Kiswahili akifuata neno kwa neno ataandika kwamba watumwa wenye bahati mbaya wanapigwa risasi wakati wa ghasia. Tafsiri hiyo haitakuwa na kosa la kamusi, lakini itakuwa imepotosha kile ambacho jicho linakiona. Inafaa basi kuyapima maneno moja moja.

Mtumwa. Neno hili limetokana na kitenzi -tuma katika hali ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Mtu aliyechorwa hapa bado hajatumwa popote. Amekamatwa, amefungwa, anasafirishwa. Utumwa ni mpango wa wengine juu yake, na yeye yuko katikati ya kuukataa. Kumwita mtumwa katika dakika hiyo ni kumpa ushindi mwenye meli kabla ya mapambano kwisha. Neno mateka, kutokana na -teka, ni sahihi zaidi, kwani linamtaja aliyekamatwa bila kusema kwamba amekubali. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya kulitumia tangu mwanzo.

Uasi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno maasi. Anayeasi anavunja utii anaodaiwa, kwa Mungu, kwa mzazi au kwa dola. Swali linafuata papo hapo: mateka alidaiwa utii gani na nahodha? Katika Kongo neno hili lina historia nzito, tangu vita vya 1964 hadi vile vilivyoanza mwaka 1996 na 1998. Msikilizaji wa Kikongo anajua kwamba serikali ndiyo inayomwita mtu mwasi, na kwamba mtu huyohuyo akishinda jina linabadilika. Kulitumia neno uasi chini ya mchoro huu ni kuifanya sitaha ya meli iwe dola halali.

Ghasia. Neno hili linamaanisha vurugu isiyo na shabaha. Ndilo lililo karibu zaidi na neno la mwisho la maelezo ya Kiingereza, na ndilo linalopotosha zaidi. Watu wanaolielekea boma wana shabaha.

Mapambano. Kiambishi -an- cha kutendana kina hekima yake: hakuna anayepambana peke yake. Neno linawapa pande zote mbili kitenzi kimoja. Anaweza kutokea mhakiki akadai kwamba usawa huo wa kisarufi ni wa uongo, kwa kuwa upande mmoja una bunduki na boma, na mwingine una mikono na labda vipande vya minyororo. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini dawa yake si kurudi kwenye hali ya kutendwa. Dawa yake ni kuzitaja silaha. Maelezo ya Kiswahili yanayopendekezwa hapa ni haya: Mapambano katika meli ya biashara ya watu, mateka wanalikabili boma, mabaharia wanawapiga risasi kutoka nyuma yake. Sentensi hiyo ina vitenzi viwili na watenda wawili, na haimfichi mwenye bunduki.

5. Picha nyingine za zama hizo

Thamani ya mchoro huu inaonekana vizuri zaidi ukiwekwa kando ya kazi zilizo maarufu kuliko huo.

Théodore Géricault alionyesha Paris mwaka 1819 picha yake kubwa ya chelezo cha Méduse, yenye upana wa zaidi ya mita 7. Meli hiyo ya Kifaransa ilikwama mwaka 1816 karibu na Arguin, ikiwa njiani kwenda Senegal. Watu 147 waliachwa juu ya chelezo. Baada ya siku 13 walibaki hai 15. Katika usiku wa mwanzo watu hao walipigana wenyewe kwa wenyewe kwa visu na panga. Géricault alichora vielelezo vya mapigano hayo, kisha akayaacha. Picha aliyoikamilisha inaonyesha dakika ya tumaini, meli ya wokovu ikionekana kwa mbali. Mwafrika amewekwa juu kabisa ya kundi, akipunga kitambaa. Heshima hiyo ni kubwa na ilikuwa ya ujasiri. Lakini imepatikana kwa kuyaondoa mapigano.

J. M. W. Turner alionyesha London mwaka 1840 picha ya meli ya watumwa ikitupa baharini wafu na wanaokufa huku tufani ikija. Picha hiyo huhusishwa na tukio la meli ya Zong ya mwaka 1781, ambamo zaidi ya watu 130 walitupwa majini ili bima idaiwe. Rangi zake zimesifiwa tangu siku za John Ruskin, aliyeimiliki. Hata hivyo kilichobaki cha mateka ni mikono na mguu mmoja wenye mnyororo juu ya maji. Bahari na jua vimechukua nafasi ya mashahidi na ya wahalifu pia: mtazamaji anatoka akiikumbuka rangi nyekundu, asimkumbuke nahodha.

Mchoro wa tatu ni wa Marekani. John Warner Barber alitoa New Haven mwaka 1840 kitabu juu ya mateka wa Amistad, Waafrika waliotwaa meli hiyo mwaka 1839 karibu na Kuba wakiongozwa na Sengbe Pieh, na ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliwaachia huru mwaka 1841. Mchoro wake wa mwanzo unaonyesha kuuawa kwa nahodha Ferrer. Hapa Waafrika wanashambulia, na ndani ya kitabu kila mmoja ana picha ya uso wake na maelezo mafupi ya maisha yake. Ni hatua kubwa kupita Wadström. Ila ikumbukwe kwamba Barber alichora walioshinda na waliokuwapo kumsimulia. Watu wa mchoro wa 1794 hawakupata wa kuwauliza majina.

Kwa hiyo mchoro wa Wadström unasimama mahali pake pa pekee. Hauna ukubwa wa Géricault, hauna rangi ya Turner, hauna nyuso za Barber. Lakini unaonyesha mapigano yenyewe, unaonyesha chombo kilichotengenezwa kuyazima, na unakataa kuihesabia bahari hatia ya watu.

6. Huruma na ulezi

Inabaki kuuliza kwa nini maelezo yanayafunika mapambano kwa huruma. Jibu limo katika jina la kitabu. Wadström hakutaka tu kuikomesha biashara ya watumwa. Alitaka Wazungu waanzishe makoloni katika pwani ya magharibi ya Afrika, yasiyo na utumwa, ambamo Waafrika wangefundishwa kilimo, biashara na ustaarabu. Nia yake haina sababu ya kutiliwa shaka. Picha aliyochorwa na Carl Fredrik von Breda mwaka 1789 inaieleza wazi: Wadström pamoja na kijana Mwafrika aliyekombolewa naye, Peter Panah, na kitabu kati yao. Mmoja anafundisha, mwingine anapokea.

Mpango wa namna hiyo unamhitaji Mwafrika anayehurumiwa. Mwafrika anayepanga vita usiku na kulikabili boma asubuhi haufai. Aliyeweza kushauriana na wenziwe wa lugha tatu ndani ya giza la ngama hahitaji mlezi. Ndiyo maana mchoro unaonyesha jambo moja na maelezo yanalainisha.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si la zamani tu. Kati ya watu takriban milioni 12.5 waliopakiwa katika meli za Atlantiki, karibu milioni 5.7 walitoka Afrika ya Kati Magharibi, yaani Loango, Cabinda, mlango wa mto Kongo, Luanda na Benguela. Upande wa mashariki wa nchi, misafara ya watumwa na pembe iliyoelekea Zanzibar iliacha kumbukumbu zake, na pamoja nazo iliacha lugha ambayo kwayo uhakiki huu umeandikwa. Na miaka 90 baada ya Wadström, ulezi wa Mwafrika aliyehurumiwa ulikuwa hoja iliyokwisha zoeleka. Leopold II aliitumia kujipatia Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, na mkutano wa Brussels wa 1889–1890 uliitishwa kwa jina la kupinga utumwa. Haisemwi hapa kwamba Wadström alimzaa Leopold. Inasemwa kwamba picha ya mtu asiyetenda huacha nafasi wazi, na nafasi hiyo haikosi wa kuijaza.

7. Mchoro kama ukumbusho

Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970, akiwemo Tshibumba Kanda-Matulu aliyeichora historia ya nchi katika mfululizo wa picha mwaka 1973 na 1974, walikuwa na neno la kupimia kazi zao: ukumbusho. Picha ilikuwa nzuri ikiwa inamfanya anayeitazama akumbuke na kusimulia. Picha za aina ya «Colonie belge», zilizotundikwa katika vyumba vya wageni vya wafanyakazi, zilionyesha mfungwa akichapwa, askari akisimamia, Mzungu akitazama. Mfungwa alikuwa amelala chini; hata hivyo mwenye nyumba alipoieleza picha kwa mgeni wake, masimulizi yalimwinua.

Kwa kipimo hicho mchoro wa 1794, ukiachwa na maelezo yake ya asili, hauna ukumbusho. Unamfundisha mtazamaji kuhurumia, basi. Ukielezwa upya unaupata. Mwalimu anayeuonyesha darasani anaweza kuanza na boma: limejengwa na nani, lini, kwa kumwogopa nani? Mwanafunzi akijibu maswali hayo matatu amekwisha kuwarudishia mateka kile ambacho maelezo yaliwanyima.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mchoro wa mapambano katika kitabu cha Wadström ni ushahidi wenye pande mbili. Kwa upande wa maudhui yaliyokusudiwa, ni ombi la huruma lililofungamana na mpango wa ukoloni. Kwa upande wa fani, hasa kwa kuliweka boma katikati ya sitaha, ni ungamo la hofu ya wenye meli, na kwa hiyo ni heshima isiyokusudiwa kwa waliopigana. Majina yao hayakuandikwa, na hakuna uhakiki utakaoyarudisha. Kinachowezekana ni kuchagua kwa uangalifu maneno ya kuwataja. Vitabu vya shule vya Kiswahili vitakapouchapa mchoro huu, visiandike chini yake ghasia za watumwa. Viandike mapambano, viandike mateka, na vimwonyeshe msomaji boma.